Mguu mwembamba ndani ya buti pana (Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia kofia ngumu na miwani ya kazini, vifaa ambavyo mvaaji anaweza kuvikaza au kuvilegeza kwa mkanda mpaka vimkae sawa. Buti la usalama halina huruma hiyo. Mfanyakazi hutaja namba yake, hupewa jozi, na tangu siku hiyo mguu ndio unaotakiwa kulizoea buti. Nasema utaratibu huu una kasoro, na wanaoumizwa nao zaidi ni wenye miguu myembamba, wakiwamo wanawake wengi wanaofanya kazi katika migodi ya Kongo kuanzia Kolwezi hadi Fungurume. Namba ya kiatu hupima urefu tu, ilhali anayetembea siku nzima juu ya mawe hulindwa pia na upana unaomfaa na kisigino kilichoshikwa barabara.

Tuziangalie hizo namba zenyewe. Katika mfumo wa Ulaya, kila namba inaongeza theluthi mbili za sentimita. Katika mfumo wa Uingereza, theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Namba hizo hazitaji upana. Unaamuliwa kiwandani na kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonwa juu yake, na kwa miaka mingi kalibu za mabuti ya kazi zilichongwa kwa kufuata mguu wa mwanamume. Upo mfumo wa Mondopoint unaoandika urefu na upana kwa milimita, kwa mfano 260/95, lakini umezoeleka zaidi majeshini kuliko madukani. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 20345, kinachodai chuma cha vidoleni kihimili pigo la jouli 200, kinathibitisha uimara wa kiatu. Hakithibitishi kwamba kiatu hicho kinamfaa aliyekivaa.

Sasa mfuate mwenye mguu mwembamba akiteremka ukingo wa shimo la wazi. Kila hatua mguu wake unateleza mbele ndani ya buti na vidole vinagonga chuma. Akipanda, kisigino kinanyanyuka na kusuguana na ngozi ya nyuma, na kabla ya mchana malengelenge yameshatoka. Akikanyaga jiwe kwa ukingo wa soli, buti linapinda upande mmoja na mguu unapinda upande mwingine, kifundo kinateguka. Msimu wa mvua ndio mbaya kuliko yote, maana udongo wetu mwekundu unang'ang'ania soli na kuvuta buti chini wakati mguu unakwenda juu. Wengi hujaribu kuchukua namba ndogo zaidi, na hapo wanabadilisha tatizo moja kwa jingine: upana unapungua kidogo tu, lakini urefu unapotea na vidole vinabanwa na chuma kisichotanuka kamwe. Wengine huvaa soksi mbili au hujaza vitambaa. Vitambaa hulowa jasho, hubonyea, na baada ya saa chache nafasi ni ileile.

Njia ya busara ni kuupima mguu kwanza, tena jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Pima yote miwili, kwani mara nyingi hailingani, na ufuate ulio mrefu. Kisha toa soli ya ndani ya buti na usimame juu yake: nyama ya mguu isimwagike nje ya kingo, lakini pia kusibaki ukanda mpana mtupu kila upande. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vaa, funga kamba, teremka mteremko au ngazi. Vidole vikigusa chuma, liache. Kama kosa ni ulegevu wa juu tu, soli ya ndani nene zaidi itaujaza, na kamba zikipitishwa kwenye vitanzi kando ya matundu ya juu kabla ya kufungwa zitakivuta kisigino nyuma. Kwa buti la mpira hila ya kamba haipo, ndiyo maana mwenye mguu mwembamba lazima alichague kwa uangalifu maradufu.

Wapo watakaosema ngozi ya buti huzoea mguu. Ni kweli, lakini huzoea kwa kutanuka: buti linalobana kidogo litalegea, lililo pana litazidi kuwa pana. Pingamizi zito zaidi ni la wachimbaji wadogo, ambao kupata buti lolote ni bahati. Wengi wao hushuka visimani peku, wakitafuta kwa vidole vidato vilivyochongwa ukutani. Naamini hatuna haki ya kuwaita wazembe. Katika kisima chembamba, buti linalocheza mguuni linamficha mtu kidato anachokikanyaga, na kukataa kulivaa kuna mantiki yake. Mradi wa Mutoshi, ulioendeshwa karibu na Kolwezi kati ya 2018 na 2020, ulionyesha kwamba wachimbaji wadogo, wanawake kwa wanaume, wanaweza kufanya kazi ndani ya uzio wakiwa na vifaa vya kinga. Ushirika unaotaka kufuata mfano huo usianze kwa kuagiza mamia ya jozi za aina moja. Ulete kwanza aina mbili au tatu zenye kalibu tofauti, mojawapo ya kike, watu wazijaribu kwenye mteremko halisi, halafu ndipo uandike oda. Kampuni kubwa nazo hazina kisingizio cha gharama: ibara ya 9 ya Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, inamtaka mwajiri wa migodini atoe vifaa vya kinga vinavyofaa bila kumtoza mfanyakazi, na buti linalomtegua mtu kifundo haliwezi kuhesabiwa kuwa linafaa.