Kununua Mashua ya Mashine Iliyokwisha Tumika

Watu wengi wa Msasani, Kunduchi na Mjimwema hupata riziki yao baharini. Mtu anunuapo mashua kuukuu ya mashine, hutoa akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo twataka kueleza mambo yapasayo kutazamwa kwanza.

La kwanza ni mbao. Rangi mpya yaweza kuficha uozo. Yafaa kungoja bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maana hapo maji ya pwani yetu hushuka kiasi cha meta 3, na chombo hukaa pakavu. Tuchome mbao kwa ncha ya kisu, hasa penye mkuku, na shetrini panapofungwa mashine. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Kalafati iliyolegea fundi ataitia upya. Mataruma yaliyovunjika ni gharama kubwa.

La pili ni mashine. Na iwashwe mbele ya mnunuzi ikiwa baridi. Maji ya kuipoza yatoke kwa nguvu. Kisha mafuta ya gia yatolewe kidogo: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani, na kutu haiko mbali.

La tatu ni hati. Jina lililoandikwa liwe la muuzaji mwenyewe.

Baada ya kununua, mashine isafishwe kwa maji yasiyo ya chumvi kila irudipo pwani. Mashine izimikapo katikati ya kusi, kinachopotea si fedha tu, bali hata roho za watu.