BANGI: RUHUSA YA MJI WA MBALI HAIVUKI ZIWA



Siku hizi husikika maneno, mashambani kwenye michikichi na hata bandarini Rumonge, kwamba bangi, yaani urumogi, imekwisha funguliwa duniani, na huku pia komine itatoa ruhusa. Yafaa jambo hili tuliweke wazi, maana wanaokamatwa si wale wanaoeneza maneno hayo.

Ni kweli iko miji yenye maduka ya bangi. Huko California, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2016, na mtu aliyetimiza miaka 21 akaruhusiwa kuvuta na kupanda miche 6 nyumbani kwake. Duka ni jambo jingine. Kila mji una haki ya kulikataa, na mingi imelikataa.

Kwetu Burundi komine haina madaraka hayo. Anayekataza ni sheria ya jinai ya nchi nzima, iliyorekebishwa mwaka 2017. Rwanda nayo iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za hospitali, za kuuzwa nje. Mvutaji wa huko bado anashtakiwa. (Watu husikia nusu ya kwanza tu ya habari hii!) Na anayeshuka na boti hadi Kigoma ajue kwamba mahakama za Tanzania zimekwisha kuwafunga watu miaka 30 kwa ajili ya bangi.

Sasa, nani hubeba gunia? Tajiri mwenye mali hapandi mtumbwi. Humtafuta kibarua ambaye hajalipwa, akamwambia ni mzigo mdogo tu, ufikishe ng'ambo. Polisi wakilifungua, jina la tajiri haliko juu ya gunia. Aliyelishika ndiye anayekwenda nalo, na watoto wake wanabaki na mama yao bila posho.

Kazini pia tusidanganyane. Mkata ngazi yuko juu ya mchikichi mrefu na panga mkononi, na mwenzake yuko chini anaokota. Kwenye mtambo wa mawese mkono ukiingia hautoki mzima. Anayepanda akiwa amevuta anamhatarisha mwenzake kabla ya bosi.

Lakini kuvuta nyumbani na kulewa kazini si kitu kimoja. Afrika ya Kusini, ambako mahakama ya katiba iliruhusu matumizi ya faragha mwaka 2018, mahakama ya rufani ya kazi iliamua mwaka 2024 kwamba mfanyakazi wa ofisini alifukuzwa bila haki kwa sababu ya kipimo tu. Hakushika mitambo, wala hakuonekana amelewa kazini. Hukumu hiyo haitulindi sisi, ila swali lake ni letu pia: ushahidi uko wapi?

Kwa hiyo kapita akikutuhumu, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote kabla mjumbe wa wafanyakazi hajafika na kukusomea yaliyoandikwa.