Bata katika uwanja wa Mnyakyusa

Mwezi wa Aprili ukipita Katumba au Kiwira, wilayani Rungwe, utaona kuku wamejikunyata chini ya migomba, mikia imelala, manyoya yamegandamana na ngozi. Katikati ya uwanja huohuo bata wanatembea taratibu, midomo ndani ya matope, wakitafuta minyoo na konokono. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, chini ya Mlima Rungwe, na kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000. Kuku huivumilia mvua hiyo kwa shida. Bata huifurahia, na kaya nyingi zinazofuga kuku zimemkaribisha pembeni yao. Lakini wengi tumemchukua tukidhani matunzo yake ni yaleyale ya kuku, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Katika mila za Wanyakyusa ng'ombe ndiye mkubwa. Mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na msiba wa mtu mzima hauna heshima bila ng'ombe kuchinjwa. Zamani vijana wa kiume waliochunga mifugo ya baba zao walijitenga na kujenga kijiji cha rika lao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alivieleza vijiji hivyo katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, na katikati ya maelezo yake akaweka ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako mkila na kunywa pamoja. Kuku naye ana heshima yake. Mgeni akishaitikia "mugonile" na kuketi, watoto hutumwa kumkimbiza jogoo nyuma ya nyumba.

Bata hana nafasi katika mila hizo. Huyu tunayemfuga zaidi, mzito, mwenye nyama nyekundu usoni, anayetoa sauti ya pumzi badala ya kulia, asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hahesabiwi katika mahari, wala mgeni hakasiriki akikosa kuchinjiwa bata. Kwa maoni yangu hilo limewafaa sana akina mama. Mtetea akitaka kuuzwa, mzee huuliza mgeni akija atakula nini. Bata akipelekwa sokoni haulizi mtu, na fedha yake hubaki kwa aliyemlisha, ikanunua daftari, sabuni au sare ya shule. Kwa hiyo naona anastahili kutunzwa kwa maarifa yake mwenyewe, na watoto wafundishwe maarifa hayo kama wanavyofundishwa kumkatia ng'ombe majani.

La kwanza ni malazi. Kinyesi cha bata ni majimaji, na kila anapokunywa humwaga maji. Ukimlaza chumba kimoja na kuku, sakafu hulowa, harufu kama ya mkojo hujaa, na katika baridi ya Juni na Julai kuku huanza kukoroma kwa mafua. Mianzi Rungwe haijawahi kuwa tatizo. Hata nyumba za zamani zilijengwa kwa mianzi na kukandikwa udongo. Ukuta wa mianzi iliyopasuliwa unatosha kugawa banda: kuku upande wa juu wenye vichanja, bata upande wa chini wenye maranda au majani makavu ya mgomba yanayobadilishwa mara kwa mara. Bata asilazwe chini ya vichanja, maana usiku kucha atapokea uchafu wa wenzake.

Maji nayo yana utaratibu wake. Si lazima bata awe na bwawa, ila lazima apate chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote, kwani ndivyo anavyosafisha macho na matundu ya pua. Karai linatosha. Lakini karai hilohilo huua vifaranga vya kuku kwa kuzama, hivyo liwekwe mbali na banda na ndani yake mawe machache, na vifaranga wapewe maji yao kwenye kisahani.

Bata dume huhitaji kuangaliwa. Akikosa majike ya kutosha, manne au matano, hupanda mitetea na kuwajeruhi, kwa kuwa maumbile yao hayalingani. Mtetea anayechechemea au mwenye manyoya yaliyong'oka kisogoni mara nyingi amepatwa na hilo, na dawa yake ni kumtenga dume.

Wapo wanaopenda kumpa mtetea mayai ya bata ayaatamie. Inawezekana, ila hesabu ya siku izingatiwe. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la bata huyu kwa siku 35. Ukichanganya mayai katika kiota kimoja, vifaranga vya kuku vitatoka, mama atainuka navyo, na mayai ya bata yatapoa yakiwa na vifaranga hai ndani. Ukimpa ya bata pekee, mtetea atakaa wiki mbili zaidi ya alivyozoea na kukonda sana. Chakula na maji viwekwe karibu na kiota. Vifaranga wakitoka wasiachwe mitaroni siku za mwanzo. Manyoya yao ya utotoni yakilowa katika baridi yetu, jioni wamekwisha kufa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni chakula. Kwenye unyevu wa Rungwe mahindi hupata ukungu haraka, na kuna desturi kwamba yaliyoharibika, ambayo mtu hawezi kula, hupelekwa kwa ndege. Kuku mkubwa anaweza kuonekana hajadhurika. Kifaranga wa bata ni kati ya viumbe wanaodhuriwa upesi mno na sumukuvu. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na bata wachanga nao wakafa. Kuchunguza vifo hivyo ndiko kulikowafikisha wataalamu kwenye sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yafukiwe, asipewe mnyama yeyote, hasa ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa tunayowanywesha watoto.

Chakula kizuri hakiko mbali. Vifaranga vya bata huhitaji vitamini ya niasini kwa wingi kuliko vya kuku, na wakiikosa miguu hulegea na kupinda. Pumba za mpunga zina niasini nyingi, nazo hupanda kila siku kwenye malori kutoka Kyela. Vumbi la dagaa wa usipa linalobaki chini ya magunia sokoni huongeza protini. Machicha ya pombe ya kimpumu pia yanafaa, yakiwa mabichi na kidogo tu. Yakikaa siku mbili yanaota ukungu.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kumaliza kuku wa kitongoji kizima, na bata anaweza kubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo anayefuga wote wawili asikose chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haikai. Majirani huchanga fedha, wakakutana uwanja mmoja asubuhi, kila mama na tenga lake. Hapo naona ukwangala wa kina mama, maana tone la mwisho likishadondoshwa hakuna anayeondoka. Chai hupikwa, ndizi huchemshwa, na habari za bata huzungumzwa kwa kirefu. Siku hiyo ndiyo ya kubadilishana madume, ili bata dume asiendelee kupanda mabinti zake mwenyewe na kizazi kikadhoofu. Mama wa juu ya barabara anachukua dume jeupe la mama wa bondeni, anamwachia lake jeusi, na wanakubaliana kurudishiana baada ya mavuno.