Kipimo cha Baiskeli ya Mtoto Kiko Mguuni

Baiskeli za watoto hutajwa kwa inchi, na namba hiyo, ambayo mara nyingi huwa 12, 14, 16, 20 au 24, ni kipenyo cha gurudumu pamoja na tairi lake, wala haielezi lolote kuhusu mtoto atakayeipanda. Kwa baiskeli za watu wazima kinachopimwa ni fremu, yaani mabomba yaliyoungwa ambayo hubeba kiti, usukani na pedeli. Kwa za watoto desturi imekuwa kutaja gurudumu, ingawa baiskeli mbili za inchi 16 zilizotoka katika viwanda tofauti zinaweza kuachana kwa sentimita kadhaa katika kimo cha kiti, na kimo cha kiti ndicho kinachoamua iwapo mtoto atafikisha miguu chini. Waandishi wa kiwango cha kimataifa cha usalama, ISO 8098, walilitambua hilo, kwa kuwa wanaitambulisha baiskeli ya mtoto mdogo kwa kimo cha juu kabisa ambacho kiti chake kinaweza kufika, ambacho lazima kizidi milimita 435 na kiwe chini ya milimita 635.

Umri, ambao wauzaji wengi huuliza kwanza, nao ni kipimo dhaifu. Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kutokana na utafiti uliofanyika katika nchi sita zikiwemo Ghana na Oman, vinaonyesha kwamba mvulana wa kati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake ni wafupi kuliko yeye na nusu ni warefu zaidi, ana takriban sentimita 96 anapotimiza miaka 3 na sentimita 110 anapotimiza miaka 5, na msichana humkaribia sana. Hiyo ni nyongeza ya sentimita 7 hivi kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawasawa kwa siku. Mwaka 1992 Michelle Lampl na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watoto wachanga vilivyoonyesha kwamba urefu wao huongezeka kwa mirukomiruko, ukitulia kwa siku au wiki kadhaa kisha ukaongezeka ghafla. Mtoto mkubwa hakui kwa namna hiyo dhahiri, lakini mzazi anayepima mara moja na kununua baada ya miezi minne ananunua kwa kipimo kilichochacha.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba mwili haurefuki kwa uwiano mmoja. Mtoto anapozaliwa, kichwa na kiwiliwili huchukua karibu theluthi mbili ya urefu wake wote, ilhali kwa mtu mzima huchukua nusu au zaidi kidogo. Tofauti hiyo huzibwa na miguu, ambayo tangu utotoni hadi kukaribia balehe hukua kwa kasi kuliko kiwiliwili, hata zaidi ya nusu ya kila sentimita inayoongezeka ni ya miguu. Kazi hiyo hufanyika katika mabamba ya ukuaji, yaani tabaka nyembamba za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu, ambamo seli hugawanyika, huvimba, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa mgumu. Mabamba mawili yaliyo juu na chini ya goti ndiyo yanayochangia sehemu kubwa ya urefu wa mguu, takriban theluthi mbili, kwa hiyo kiungo kinachozungusha pedeli ndicho pia kilichozungukwa na ukuaji mwingi zaidi.

Kutokana na hayo, watoto wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji baiskeli tofauti, na wataalamu wa vipimo vya mwili wamekwisha kuonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana miguu mirefu kulingana na kimo chao kuliko watu wenye asili ya Ulaya au Asia ya Mashariki. Jambo hilo si dogo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako baiskeli nyingi za watoto ni za mtumba kutoka nje, na kibandiko cha umri, kama bado kipo, kiliandikwa kwa kumfikiria mtoto mwingine kabisa.

Kipimo cha kutegemewa, basi, ni urefu wa mguu kwa upande wa ndani, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni. Mtoto husimama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani na miguu ikiwa imeachana kidogo. Kitabu chenye jalada gumu huingizwa katikati ya mapaja, ukingo wake mmoja ukigusa ukuta ili kibaki sambamba na sakafu, kisha hupandishwa mpaka kigote, na alama hutiwa kwa penseli kwenye ukingo wa juu. Kwa anayejifunza, kiti kilichoteremshwa hadi mwisho hakipaswi kuzidi urefu huo, na ni bora kiwe chini yake kwa sentimita moja au mbili, ili nyayo zote mbili zikanyage ardhi akiwa ameketi. Waendesha baiskeli wazima hufuata kanuni nyingine: utafiti wa Hamley na Thomas wa mwaka 1967 ulipendekeza umbali kutoka kwenye kiti hadi pedeli iliyo chini kabisa uwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, kwa sababu hapo misuli hutoa nguvu kwa ufanisi. Kumwekea kanuni hiyo mtoto wa miaka 4 ni kumnyima ardhi kabla hajajua kukaa wima.

Hapa ndipo penye mazoea yanayostahili kupingwa. Wazazi wengi hununua baiskeli kama wanunuavyo sare ya shule, kubwa kwa namba mbili ili mtoto aifikie mwakani, lakini shati linalopwaya halimwangushi mtu. Baiskeli husimama kwa kugeuzwa usukani kuelekea upande inakoangukia, ili magurudumu yarudi chini ya uzito. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Delft walithibitisha mwaka 2011, kwa chombo walichokiunda kwa namna ambayo athari ya mzunguko wa magurudumu imefutwa, kuwa baiskeli inaweza kujisimamisha hata bila athari hiyo, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ndiyo siri yake. Mtoto aliyenyoosha mikono yote ili aufikie usukani hana tena kiwiko cha kukunja, na kila anapotaka kugeuza humlazimu apindue mabega na kiwiliwili kizima, jambo linalochelewesha marekebisho ambayo kawaida yake ni madogo na ya haraka. Anaposimama, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mguu mmoja ukitafuta ardhi nyonga huinama, kitovu cha uzito hutoka nje ya mstari wa magurudumu, na chombo humlalia.

Uzito nao huhesabiwa mara chache. Baiskeli ya chuma ya inchi 16 hufika kwa urahisi kilo 9, na mtoto wa kati wa miaka 5 ana kilo 18. Kwa mtu mzima wa kilo 70 hiyo ingekuwa sawa na kuendesha kilo 35. Vidole pia vina kikomo: mpini wa breki usipofikiwa na kidole cha shahada na cha kati huku kiganja kikiwa kimeshika usukani, breki hiyo ni pambo tu, ingawa baadhi ya mipini huwa na skrubu ndogo ya kuisogeza karibu.

Hata hivyo, nia ya kubana matumizi si ya kulaumiwa, na hesabu yake inawezekana. Kama urefu wa mwili huongezeka kwa sentimita 7 kwa mwaka na zaidi ya nusu yake ni ya miguu, basi mguu wa ndani huongezeka kwa sentimita 4 hivi, na baiskeli ambayo kiti chake kinaweza kupanda sentimita 10 humfaa mtoto kwa zaidi ya miaka 2, tena zaidi, kwa kuwa akishazoea kiti huinuliwa mpaka ardhi iguswe kwa vidole vya miguu peke yake. Kinachotafutwa dukani, kwa hiyo, ni kiti kinachoanzia chini na kuishia juu, na fremu isiyo na bomba refu la mlalo. Kipenyo cha gurudumu hufuata baadaye. Mpaka wa kupandisha ni mstari uliochongwa kwenye bomba la kiti, ambao ukionekana nje, sehemu iliyobaki ndani ya fremu haitoshi kuhimili uzito na bomba linaweza kuvunjika.

Dalili za baiskeli iliyokwisha kuwa ndogo ni magoti kugonga usukani wakati wa kukata kona, na kiti kilichofika kwenye mstari huku goti likiwa bado limekunjwa sana pedeli ikiwa chini. Kuanzia miaka 6 hivi kasi ya kukua hupungua hadi sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na baiskeli ya inchi 20 hudumu kuliko zilizotangulia, mpaka balehe inapoanza, ambapo wasichana wengi, kwenye umri wa karibu miaka 12, na wavulana, karibu miaka 14, huweza kurefuka sentimita 8 au 9 kwa mwaka mmoja, miguu ikitangulia na kiwiliwili kikifuata. Ni katika kipindi hicho tu ambapo kununua kubwa kidogo kuna hoja, kwa sababu kijana ameshajua kulitawala gurudumu, mikono yake imefika, na ile ya inchi 24 inaweza kumwacha kabla tairi zake hazijalika. Naye kuanzia hapo hupimwa kwa fremu, kama mtu mzima.