Povu Linaloipa Gesi Njia

Kisima cha mafuta kikipungua nguvu, mafuta hayajakwisha. Yamenaswa kwenye vitundu vya mwamba, vingi vyembamba kuliko unywele, na hata baada ya kusukumwa kwa maji miaka na miaka, mara nyingi zaidi ya nusu hubaki humohumo.

Mwaka 1972, katika eneo la SACROC magharibi mwa Texas, wahandisi walianza kuyafuata kwa kaboni dayoksidi. Joto likizidi nyuzi 31 za Selsiasi na mgandamizo ukipita bari 74, hewa hii si gesi tena wala si kimiminika: ina uzito unaokaribia wa kimiminika, lakini inapenya kama gesi. Shinikizo likitosha huchanganyika na mafuta, ikayavimbisha na kuyapunguzia mnato, nayo yakaanza kutembea.

Kasoro yake ni wepesi. Kwa kuwa mnato wake ni mdogo mno kuliko wa mafuta, haisongi mbele kwa safu moja. Huchomoza huku na huku, hukimbilia nyufa na matabaka yenye matundu mapana, kisha hupanda juu. Ikishajipatia njia hadi kisima cha kutolea mafuta, gesi inayofuata hupita hapohapo, na mafuta ya pembeni hayaguswi. Kupishanisha gesi na maji husaidia kiasi, ila maji nayo huzama chini.

Hapo ndipo povu linapoingia. Wazo lilipata hataza Marekani mwaka 1958. Maji hutiwa dawa ya jamii ya sabuni, kisha hukutanishwa na gesi ndani ya mwamba. Tando nyembamba za maji hukaa kwenye shingo za vitundu, na gesi haipiti mpaka izisukume moja baada ya nyingine. Kwenye matabaka yanayopitisha kwa urahisi povu huwa gumu zaidi, hivyo gesi hugeukia yale iliyoyaruka.

Aliyeosha sufuria yenye mafuta anajua jinsi povu linavyokufa likikutana nayo. Chini ya ardhi udhaifu huo ni neema: palipokwisha kuoshwa povu husimama na kuziba, penye mafuta bado huvunjika na kuiachia gesi ifanye kazi. Likivunjika upesi mno, hata hivyo, fedha zimepotea. Mwamba nao hunyonya dawa, na dawa haipatikani bure. Kwa maoni yangu hapo ndipo majaribio mengi hukwama. Fizikia yenyewe haina shida.

Wapo wanaoisifu mbinu hii kwa kuzika hewa ukaa. Ni kweli sehemu kubwa hubaki ardhini. Lakini kabla ya kupiga makofi, uliza gesi ilitoka wapi. Bomba la Cortez, lenye urefu wa kilometa 800 hivi, huipeleka Texas kutoka McElmo Dome, Colorado, ambako ilikuwa imelala chini ya ardhi tangu hapo.