Kupaka Jelikoti Juu ya Epoksi

Wanachama kadha wa kadha wenye boti wametuuliza, kwa barua na kwa mdomo, kwa nini jelikoti waliyoipaka juu ya vipande vya faiba imekataa kukauka, au imekauka kisha ikabanduka kama ganda la kiazi. Twaona yafaa tuwajibu wote hapa pamoja, maana jambo hili sisi wenyewe limetupata, tena katika msimu wa karafuu.

Boti yetu ya ubia ilihitaji mifuniko miwili, mmoja wa ngama na mmoja wa feuli. Kijana wa mwenzetu mmoja anakaa Mitundu, upande wa Itigi katika mkoa wa Singida, na kazi yake ni kuziba matangi ya maji. Alikuwa na nguo ya faiba na epoksi iliyobaki, akatutengenezea mifuniko hiyo, akaileta kwa lori mpaka Dar es Salaam, kisha kwa meli. Ilikuwa kazi safi, imenyooka. Tukaipaka jelikoti nyeupe siku ile ile ilipofika, kwa pupa. Siku ya tatu ilikuwa bado yanata. Tulidhani jua litaimaliza, tukapakia. Magunia mawili yaligandana na mfuniko wa ngama, na karafuu zake zikanuka dawa. Hatukuthubutu kuyapeleka kituoni. Ilitubidi kuzianika upya juu ya majamvi siku nyingi, na harufu haikutoka yote.

Sasa tuelezane sababu. Wazee wetu walipaka chini ya chombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na mbao za juu wakazipaka sifa ya papa. Deheni haiulizi mbao imetoka wapi. Dawa hizi za sasa zauliza. Jelikoti ya kawaida ni jamaa ya poliesta, nayo hukauka kwa kutiwa kichocheo kidogo. Epoksi ni kabila jingine: yenyewe huungana na hadina yake kwa kipimo maalum, na ndani ya hadina hiyo mna kitu kiitwacho amini. Amini iliyobaki bila kuungana huizuia poliesta isikauke pale zinapogusana. Ndiyo maana juu yaweza kuonekana kugumu na chini kukawa uji. Kinyume chake hakina taabu: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta kuukuu iliyopigwa msasa.

Basi kosa la mifuniko yetu lilianzia Mitundu, wala si kwa uzembe wa kijana. Kule ni nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui. Epoksi, joto likipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, huchukua muda kama maradufu kukauka. Iliyogumu kwa mkono ilikuwa haijaiva. Tena epoksi ikaukayo katika baridi au unyevu hutoa juu yake utando kama nta au jasho la mafuta, nao ndio adui mkubwa.

Utando huo hautoki kwa petroli wala tina, na ukiupiga msasa kwanza utausambaza tu. Hutoka kwa maji matamu. Sugua kwa maji na dodoki gumu, kisha futa kwa kitambaa safi kabla maji hayajakauka, na urudie. Baada ya hapo ndipo piga msasa namba 80 mpaka mng'aro wote ufe, ukafute vumbi. Lakini kwanza kiache kipande kiive, wiki moja au mbili mahali penye joto. Usijaribu kuharakisha kwa kuongeza hadina. Hadina ya ziada ni amini ya ziada.

Ukiisha kufanya hayo, usipake kipande kizima. Paka mahali padogo kama kiganja, ungoje mpaka kesho, ukwaruze kwa ukucha mpaka chini. Pakiwa pagumu, endelea. Pakiwa laini, futa na ungoje tena. Jaribio hili lingetuokolea magunia mawili.

Jelikoti yenyewe iwe na unene wa kama nusu milimita. Kichocheo kwa kawaida ni gramu 10 mpaka 20 katika kilo 1, lakini maneno ya mkebeni ndiyo yafuatwe. Kwa kuwa hewa huzuia uso wake usikauke, mkono wa mwisho hutiwa nta ya kazi hiyo. Nta isitiwe mkono wa kwanza, kwani mkono wa pili hautashika. Vaa miwani: tone moja la kichocheo jichoni laweza kupofusha. Fanya kazi penye upepo, mbali na moto na sigara, na mbali kabisa na karafuu.

Wengine watasema, kwa nini taabu yote hii? Twakubaliana nao kwa sehemu. Epoksi haiwezi kuachwa wazi, maana jua huiunguza ikapauka. Lakini si lazima ifunikwe kwa jelikoti. Iko rangi ya poliurethani ya mikebe miwili, ambayo hukaa juu ya epoksi iliyooshwa na kupigwa msasa bila ugomvi. Ni ghali zaidi, na si kila duka la kisiwani huiweka. Jelikoti twaichagua pale inapotakiwa ilingane na boti nzima, au panaposuguliwa sana na mizigo.

Mfuniko wa ngama tuliukwangua wote, tukauosha, tukauacha wiki mbili juani, tukaujaribu kwa kiganja, ndipo tukaupaka. Umeshika. Wa feuli tumeupaka rangi, na wenye kutaka kuilinganisha mifuniko hiyo miwili waje waione boti inapokuwa pwani. Kijana wa Mitundu ameandika kwamba siku hizi huacha kazi yake ndani ya chumba chenye bati juani siku kumi kabla ya kuitia kwenye lori.