Kikokotoo na Akili ya Mtoto



Msimu mmoja wa pamba, hapa Zagayu katika mkoa wa Simiyu, mzazi mmoja alirudi kutoka mizanini na fedha mkononi na hati mfukoni. Hati yasema: kilo 374, bei shilingi 1,150 kwa kilo, jumla shilingi 315,100. Mwanawe wa darasa la sita aliitazama, akasema, “Baba, kilo 374 kwa shilingi 1,000 tu ni 374,000. Vipi kwa bei iliyo kubwa zaidi tupate pungufu ya hapo?” Baba akajibu kuwa hesabu ilifanywa kwa mashine, na mashine haisemi uongo. Hata hivyo walirejea pamoja, hesabu ikarudiwa mbele yao, ikatoka 430,100. Kumbe kidole kilibonyeza 2 mahali pa 3, na kwa kosa hilo moja zilipotea shilingi 115,000. Karani aliomba radhi, akalipa.

Mashine haikusema uongo, ilitii kidole. Ndiyo sababu sisi walimu wa madrasa hatukatazi kikokotoo, wala hatukiachi kitawale. Twawafundisha watoto kukitumia kwa michezo, ambayo mzazi naye aweza kuifanya nyumbani baada ya Isha, hata kwa kikokotoo cha simu.

Wa kwanza ni kukisia. Kila mtoto aandike kwanza jibu analolitarajia, ndipo abonyeze. Mshindi ni aliyekaribia zaidi, si aliyemaliza mbele. Mtoto yule wa pamba alijifunza hivyo.

Wa pili twauita kitufe kibovu. Twasema: kitufe cha 8 kimeharibika; tafuteni 48 mara 25. Watoto hukuna vichwa, kisha mmoja husema: 50 mara 25 ni 1,250, toa 25 mbili, yabaki 1,200. Mwingine husema: 24 mara 50. Kila njia iliyo sawa hupokelewa, na mwenye njia huieleza mbele ya wenzake.

Wa tatu ni wa vijana wakubwa, nao ni mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama, na mali ya shilingi 2,700,000. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama sudusi. Vijana hubonyeza: 337,500, kisha 1,800,000, kisha 450,000 mara mbili. Wakijumlisha hupata 3,037,500. Mafungu yamezidi mali! Hudhani wamekosea, wakarudia, na mashine yasema yale yale.

Hapo ndipo somo lilipo. Kikokotoo hakikukosea, wala vijana hawakukosea. Lakini hakuna kitufe cha kuamua lifanywe nini. Wanavyuoni waliita jambo hili auli: mafungu ya 24 yamefika 27, basi mali hugawanywa kwa 27, na kila mmoja hupungua kwa kadiri yake. Mke apata 300,000, mabinti 1,600,000, baba 400,000 na mama 400,000. Jumla ni 2,700,000 kamili. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo bila ya kalamu.

Tena tuwakumbushe vijana kwamba elimu hii si ngeni kwao. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Ndugu zetu, Surat al-Mutaffifin yawaonya wanaopunja vipimo. Onyo hilo ni la mwenye mizani. Lakini nasi tuna wajibu wa kumlea mtoto atakayeijua haki ya baba yake aionapo hati, na haki ya yatima siku atakapopewa yeye kugawa. Mpeni kikokotoo mkononi, ila mwulizeni kwanza: wewe waonaje?